Hodi kwa Najmuddin

Mtoni, Dar es Salaam
14 Novemba 1952

Mdogo wangu Muhdhar,

Marahaba ya shikamoo yako ya mwezi uliopita. Sisi wazima wa mwili. Ya moyoni utayaona hapa chini.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilichukua ufagio na kikapu cha mrihani kama kila wiki, nikaenda makaburini. Lango la ua wa Najmuddin Bandali nimelikuta lina kufuli, jipya, kubwa kama ngumi ya mwanamume. Nikaita. Akatokea barazani na glasi ya chai mkononi, wala hakushuka ngazi. Akaniambia kuwa njia imefungwa, na kwamba ua ni wake na hati anayo.

Wewe umekaa Tabora miaka mingi, huenda umeanza kusahau tulivyopangana huku. Mbele, kwenye barabara ya Kilwa, ni nyumba yangu na uwanja wake. Nyuma yangu ni ua wa Bandali na ghala lake la mbata, kipande kile Baba alichomuuzia mzee wao mwaka 1929. Nyuma ya ua huo ndipo kilipobaki kitalu chetu chenye kaburi la Baba na la mwanangu Thuraya. Njia nyingine ni ya kuzunguka bondeni, na goti langu hili haliwezi tope la bondeni hata wakati wa kiangazi.

Thuraya ana miaka kumi na mmoja pale. Sijamkosa Ijumaa ila nikiwa kitandani. Leo nimesimama mbele ya mbao kama mwombaji, na wachukuzi wa mbata wakinitazama, kisha nikarudi na mrihani wangu. Umenyaukia mezani hapa ninapoandika.

Wewe ndiye uliyesoma. Sitaki aniombe radhi, Muhdhar. Nataka ajute kuzaliwa jirani yangu.

Dada yako,
Mahfudha binti Sultan


Ofisi ya Reli, Tabora
23 Novemba 1952

Dada Mahfudha,

Shikamoo. Barua yako niliipata jana saa nne asubuhi na nikaisoma nimesimama. Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku la vitabu vyangu vya siku. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka nilipoanza kuviandika nikiwa shule ya sekondari, ukasema naandika mpaka rangi ya mchuzi. Sasa vitatusaidia. Tarehe 2 Februari 1930 nimeandika kuwa nilipita na Baba uani kwa Bandali kwenda kuangua nazi za kitalu. Tangu hapo kuna maingizo zaidi ya mia mbili ya njia hiyo. Nimeyahesabu.

Hapa ofisini yupo karani mwenzangu aliyewahi kufanya kazi mahakamani Dodoma. Ananiambia mtu akipita mahali miaka ishirini bila kuzuiwa, njia ni haki yake, na hakuna hati inayoweza kumfungia. Sisi tuna miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo usihangaike kutafuta wakili. Mawakili wenyewe wa huko mjini wengi ni Wahindi, na sidhani kama mmoja wao atamkalia kooni mwenzake kwa ajili yetu. Nimemwandikia Najmuddin mwenyewe, kwa mkono wangu, barua ambayo hakimu yeyote akiisoma ataona nani ana adabu na nani hana. Nakala naiweka ndani ya bahasha hii.

Kwa sasa usimsemeshe, wala mkewe Rubabbai. Usipeleke sahani, usipokee sahani. Nataka anyimwe hata salamu. Huyu mtu nina sababu zangu za kumtaka aanguke, na nimezisubiri muda mrefu.

Ndugu yako,
Muhdhar bin Sultan


Tabora
23 Novemba 1952

Kwa Bwana Najmuddin Bandali, Mtoni.

Bwana,

Nimearifiwa kuwa tarehe 14 mwezi huu umemfungia lango dada yangu, Bi Mahfudha binti Sultan, alipokuwa akienda kuzuru makaburi yetu.

Nakukumbusha kuwa watu wa nyumba yetu tumepita katika ua wako tangu mwaka 1930. Katika miaka yote hiyo hatukupita hata siku moja kama wezi. Kila mara tulisimama langoni, tukapiga hodi, tukangoja kukaribishwa na marehemu baba yako na baadaye na wewe, ndipo tukaingia. Na kila Idi dada yangu amewaletea sinia la shukrani kwa ihsani hiyo mliyotufanyia. Watu wenye adabu za namna hii hawafungiwi njia.

Nakupa siku kumi na nne uondoe kufuli. Zikipita, tutakutana mbele ya hakimu, na huko nitakuja na vitabu vyenye tarehe.

Muhdhar bin Sultan


Mtoni
8 Desemba 1952

Bwana Muhdhar,

Salamu. Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Nimeipeleka mjini kwa wakili wangu. Ameisoma mara mbili, akaniambia niitunze vizuri, kwa hiyo iko ndani ya sefu pamoja na hati ya ua.

Umeandika mwenyewe kuwa mlikuwa mkiomba, na sisi tukiruhusu, na mkitushukuru kila Idi. Ni kweli tupu. Sasa ruhusa imekwisha. Mtu anayeruhusu leo anaweza asiruhusu kesho, na hilo halina hakimu.

Tena muulize dada yako nani aliyempeleka Bwana Afya kwenye tanuri langu la kukaushia mbata mwezi wa Oktoba. Nimelibomoa kwa amri ya serikali, tofali moja moja, naye alikuwa dirishani akitazama. Mimi sikuandika barua kwa Bwana Muhdhar siku ile.

Vitabu vyako vya tarehe nakumbuka. Ulikuwa unaviandika hata kwenye kaunta ya baba yangu.

Najmuddin Bandali


Tabora
16 Desemba 1952

Dada,

Shikamoo. Nakutumia barua ya Najmuddin kama nilivyoipokea. Isome, halafu uniambie habari ya tanuri na Bwana Afya, kwa nini nimeisikia kutoka kwa adui.

Yule karani wa Dodoma nimemwonyesha nakala ya barua yangu. Akasema angalau ningemwonyesha kabla sijaipeleka posta. Nilipombana aeleze, akasema yeye alikuwa mfungua mafaili tu.

Likizo yangu ni Juni, siwezi kuja kabla. Basi nenda kwa wakili. Nimeuliza, wanamtaja Bwana Abdulrasul, ofisi yake iko ghorofani karibu na soko. Mweleze kila kitu kwa mpangilio, kuanzia 1929. Usianze na goti. Na usikubali akushauri kupatana.

Muhdhar


Mtoni
11 Januari 1953

Mdogo wangu Muhdhar,

Marahaba. Tanuri nilimshitaki mimi, ndiyo. Moshi wake ulikuwa ukiingia chumbani kwangu tangu alfajiri, kanga zangu zote zikanuka mbata, na nilipomwambia, aliniuliza kama nyumba yangu inaweza kuhama. Nikaenda kwa Bwana Afya. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniuliza tarehe.

Kwa wakili nimekwenda Alhamisi. Nilivaa buibui jipya, nikapanda ngazi zile na goti hili, nikamkuta mtu mfupi, mpole, anakula korosho kutoka kwenye bahasha ya serikali. Unasema hatamkalia kooni Mhindi mwenzake. Yeye ni Ithnasheri na Najmuddin ni Bohora, lakini hata wangezaliwa tumbo moja, yule mtu ninaamini angenisikiliza vilevile. Alinikalisha, akaita chai, akasoma barua zote mbili. Yako aliisoma akiwa ameshika kichwa.

Swali la kwanza alilouliza ni kiwanja ni cha nani. Nikamwambia Baba aliniandikia mimi, nyumba na kitalu, na wewe ukapata shamba la Chanika. Akasema kama ndivyo, barua ya mtu asiye na kiwanja haimfungi mwenye kiwanja, na hilo angeweza kulipigania. Nikafurahi. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe, miaka yote hiyo nilikuwa nikipitaje.

Nikamwambia, "Kwa hodi, bwana. Sisi si ng'ombe."

Akauliza kila mara? Nikasema kila mara, hodi tatu, na nisipoitikiwa narudi nyumbani, kama tulivyofunzwa. Nilisema kwa fahari, Muhdhar. Alifunga kalamu yake.

Kisha akanieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa. Ile miaka ishirini ipo katika sheria, karani wako hakusema uongo. Lakini ni miaka ya mtu aliyepita waziwazi kama mwenye haki, bila kumwomba yeyote. Aliyeomba ruhusa, hata akiomba miaka hamsini, amebaki mgeni mpaka mwisho. Akasema kesi kama yangu ameziona nyingi huku Mtoni na Kinondoni, na zinazoshindwa ni za watu wenye adabu. Akasema pia mtu aje kwa wakili siku anapoona kufuli, si siku anapopata jibu la barua aliyoiandika kwa hasira. Hiyo nakufikishia kama alivyoisema.

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka, akaniuliza kama kwa kupitisha wakati, "Na yeye Najmuddin, ghala lake liko nyuma yako. Mbata zinatoka njia gani?"

Nikamwambia kwa lori, kupitia uwanjani kwangu, ubavuni mwa jiko, mpaka barabara ya Kilwa. Dereva anapita anavyotaka, juzi ameniangushia kamba ya nguo.

Akaniambia nikae tena. Akauliza kama hao wanapiga hodi.

Nikacheka. Lori lipige hodi?

Akauliza limeanza lini kupita. Nikasema zamani, Baba angali hai, na Baba alinyamaza kwa kuwa aliona aibu kumzuia jirani. Akasema hapo sasa nisiseme zamani. Anataka siku, mwezi na mwaka. Akikosea hata kwa wiki, Najmuddin atakuwa na haki ya uwanja wangu maisha yake yote na ya wajukuu wake, kwa sababu hajawahi kuomba.

Basi fungua sanduku lako. Kwa mara ya kwanza sitakucheka.

Mahfudha


Tabora
30 Januari 1953

Dada,

Shikamoo. Ninayo. Kitabu cha 1934, Jumatano tarehe 9 Mei: "Leo lori la Bandali limepita uwanjani kwetu mara ya kwanza, limebeba magunia ya mbata. Limevunja mpapai. Baba hakusema kitu. Nimemuuliza kwa nini, akasema jirani ni jirani." Nimenakili maneno haya na kuyapeleka kwa Bwana Abdulrasul kwa rejista, na nimemwomba anijibu kwa simu ya maandishi kama yanatosha.

Yanatosha. Na ameniongezea jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kwa furaha. Njia ikizuiwa, zuio ni lazima likae mwaka mzima huku mwenzako amenyamaza, ndipo lihesabike kuwa limeikata ile miaka ishirini. Kwa hiyo siku yetu ya mwisho si Mei 1954 bali Mei mwaka huu. Tukiweka mawe kabla ya tarehe 9 na yeye akalala, amekwisha. Au akubali kwa maandishi kuwa anapita kwa ruhusa yetu, nayo ni sawa na kukatika, lakini hiyo ya pili mimi siitaki.

Mpango wangu ni huu. Mpaka mwisho wa Aprili usimpe hata dalili. Lori lipite, dereva mcheke naye ukitaka. Usiende langoni kwake, usimwombe Rubabbai, usimtume mtu. Kila hodi utakayopiga sasa ni zawadi kwake. Tarehe 2 Mei, Jumamosi, siku anayopeleka mbata bandarini, leta wachukuzi wajenge ukuta wa matumbawe kutoka jikoni mpaka mpakani. Akija kuongea, usiongee. Mwaka mzima. Mbata zioze ghalani, aziuze kwa bei ya kulia, mwishowe auze na ua. Nitaununua mimi, hata kwa kuuza shamba la Chanika.

Uliniuliza zamani kwa nini niliacha kazi dukani kwa mzee Bandali. Nilikuambia mshahara. Tarehe 17 Agosti 1932 lilipotea jiwe la mizani, la ratili moja. Najmuddin, rika langu, alinisimamisha mbele ya kaunta, wanawake wamejaa dukani, akaniambia nigeuze mifuko nje. Nikageuza. Mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka. Jiwe lilionekana jioni nyuma ya gunia la mchele, na hakuna aliyeniambia neno. Kesho yake aliniita kama kawaida nije kupima sukari.

Kila tarehe 17 Agosti naandika mstari mmoja kitabuni. Mwaka huu nataka kuandika mstari tofauti.

Muhdhar


Mtoni
6 Machi 1953

Muhdhar,

Leo ni Ijumaa ya kumi na saba. Wewe si peke yako unayehesabu.

Saa saba hivi Najmuddin alikuwa msikitini kwao mjini. Rubabbai alikuja kwenye ukuta wa nyuma, akaniita kwa sauti ndogo. Ufunguo alikuwa nao, umefungwa kwenye ncha ya rida yake, vazi la Kibohora. Akaniambia, "Piga hodi tu, Bi Mahfudha, niitikie mie. Hawezi kujua." Watoto wake wawili waliokufa wachanga mimi ndiye niliyewaosha, usisahau.

Nilisimama na ufagio wangu. Hatua arobaini tu mpaka kwa mwanangu. Nikakumbuka barua yako kuwa kila hodi ni zawadi kwa adui, nikamwambia Rubabbai leo siendi. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, akarudi ndani.

Masika yanakuja, kaburi la Thuraya litaota magugu mpaka kiunoni. Barua yako ya Januari ina kurasa saba. Nimezipitia tena, nimetafuta jina lake. Halimo. Mifuko yako imo ukurasa mzima.

Mahfudha


Tabora
15 Machi 1953

Dada,

Shikamoo. Naelewa uchungu wako, ila nakuomba usiharibu kazi kwa Ijumaa chache zilizobaki. Thuraya alikuwa mtoto wangu pia. Kitabu cha 1941 nimekifungua, siku ya mazishi sikuweza kuandika chochote, ukurasa ni mweupe.

Vumilia mpaka tarehe 2 Mei. Baada ya hapo hatafungua tu lango, ataling'oa.

Muhdhar


Mtoni
21 Mei 1953

Mdogo wangu Muhdhar,

Marahaba ya shikamoo zako zote tatu. Najua umeandika mara tatu kuuliza na sikujibu. Leo ni siku ya nane ya mfungo, nimetulia, nitakueleza yote.

Tarehe 2 Mei nilifanya kama ulivyopanga. Wachukuzi sita walileta matumbawe alfajiri, na kufika saa mbili ukuta ulikuwa umefika kifuani. Lori lilitoka ghalani limejaa mpaka juu, likasimama mbele ya ukuta, dereva akapiga honi. Nikaendelea kuchambua mchele. Akapiga tena kwa muda mrefu, majirani wakatoka. Hamisa wa nyumba ya pili akamuuliza dereva kama anatoa mwari, maana ngoma ameshaianza. Watu walicheka, nami nilicheka, sikufichi.

Najmuddin alikuja kwa miguu, amevaa kofia yake ya uzi wa dhahabu. Akaniambia miaka kumi na tisa anapita hapo na hakuna aliyemzuia. Nikamwambia ndiyo, imebaki wiki moja itimie. Akabadilika rangi. Nadhani hapo ndipo alipojua kuwa nimekwenda kwa wakili mzuri.

Akasema, "Baba yako hakuwahi kuniambia niombe."

Nikamwambia, "Baba yangu aliona haya. Mie sina."

Siku tatu lori lilikaa pale. Jua lilipiga magunia, mvua ikapiga, harufu ikatanda mpaka msikitini. Siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikasahau kula. Siku ya pili nilikaa dirishani nikamtazama akiwaamrisha wachukuzi wapakue na kupakia tena, anazunguka zunguka kama kuku aliyefungwa mguu, nikajisikia vizuri tu. Usidhani nimelainika. Siku ya tatu nikafikiri kuwa mwaka mmoja wa hivi, kwako ni mstari kitabuni. Kwangu ni Ijumaa hamsini na mbili juu ya zile nilizokwisha kukosa, kisha kesi, kisha rufaa, na mimi nina umri wa kuhesabu Ijumaa zangu.

Nikaenda kwa Bwana Abdulrasul. Sikukuuliza, kwa kuwa kiwanja ni changu. Nikamwambia aandike karatasi: Najmuddin anakiri kuwa anapita kwangu kwa ruhusa, na mimi napita kwake kwa ruhusa, na mmoja akimfungia mwenzake, na yeye anafungiwa siku hiyo hiyo. Akasema ni makubaliano mazuri, yenye nguvu kuliko kesi, kwa kuwa kila mtu ameshika koo la mwenzake. Nikamwambia bado sijamaliza. Aandike kuwa kila lori litakapotaka kupita, Najmuddin mwenyewe, si dereva wala karani, atasimama kwenye kona ya jiko langu apige hodi, mara tatu, kwa sauti ya kusikika. Asipoitikiwa, arudi ajaribu tena baada ya saa moja. Nami vivyo hivyo langoni kwake.

Wakili alicheka mpaka akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote hajaandika kifungu hicho. Nikamwambia kiandike. Akakiandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na tarehe 6 Mei Najmuddin alitia sahihi bila kuinua macho. Wakili wake alimshauri hivyo.

Nilikwenda makaburini Ijumaa ya tarehe 8, kabla ya Ramadhani. Magugu yalikuwa kama nilivyosema. Sikumaliza hodi ya kwanza, Rubabbai alikuwa ameshafungua. Tulipalilia pamoja. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya ukutani, akasema nishike mundu vizuri nitajikata.

Na mumewe anakuja kila Jumamosi na Jumatano. Nimevunja ukuta kwa upana wa lori tu, mawe yamelundikwa hapo hapo ayaone. Anasimama kwenye kona ya jiko. Hodi ya kwanza anaisema kama anakohoa. Ya pili majirani wanafungua madirisha. Wakati huo huwa nimeketi nyuma ya mlango wangu, sina kazi yoyote mikononi, nasikia pumzi yake. Jana nilimwacha mpaka dereva akazima injini, ndipo nikasema karibu.

Uliniandikia kuwa anyamaziwe mwaka mzima, auze, wewe ununue. Hayo hayatakuwa. Ukuta ni wangu, na karatasi ni yangu. Mifuko yako sikuitaja kwa Najmuddin. Ni deni lako, nenda ukalidai mwenyewe.

Unakuja Juni. Chumba chako nimekifagia. Utataka kuzuru kaburi la Baba na la Thuraya, na njia ni ile ile. Karatasi inasema watu wa nyumba yangu wapite kwa hodi, na wewe ni mtu wa nyumba yangu. Utasimama langoni kwa Najmuddin, utapiga hodi kwa sauti, na utangoja. Ya tatu ikipita kimya, rudi, ujaribu baada ya saa moja.

Dada yako,
Mahfudha binti Sultan


Tabora
30 Mei 1953

Dada Mahfudha,

Shikamoo. Nimepokea barua yako tarehe 26. Sina la kusema juu ya karatasi, kiwanja ni chako.

Likizo yangu ya Juni nimeomba isogezwe mpaka Agosti. Kuna ukaguzi wa mabehewa na mkubwa wangu ananihitaji. Nikikosa na Agosti, itakuwa mwakani.

Niwekee mrihani kwa Baba na kwa Thuraya.

Niambie jambo moja tu. Ukipiga hodi siku ambayo Rubabbai hayupo, ni Najmuddin mwenyewe anayekuja kufungua, au anaitikia kutoka barazani?

Ndugu yako,
Muhdhar